Mgonjwa Aliyejipeleleza

Wengi wenu mwajua kwamba televisheni nayo ina msimamizi wake mbinguni, ndiye Mtakatifu Klara wa Asizi. Lakini si wote wajuao sababu. Usiku wa Noeli ya mwaka 1252 Klara alikuwa mgonjwa kitandani, hata hakuweza kwenda kusali pamoja na masista wenzake. Akiwa amelala peke yake, alijaliwa kuona na kusikia ibada iliyokuwa ikifanyika mbali naye, katika kanisa la Mtakatifu Fransisko, kana kwamba yupo pale pale. Kwa ajili ya hayo Papa Pius wa XII alimweka awe msimamizi wa televisheni. Tumeanza na mtakatifu huyu kwa kuwa habari yetu ya leo nayo ni ya mgonjwa kitandani aonaye mambo yasiyokuwa mbele ya macho yake. Ila huyu wetu si mtakatifu hata kidogo, na ayaonayo ni yale aliyotumia maisha yake yote kuyakimbia.

Mchezo tuusemao waitwa kwa Kiingereza The Singing Detective, yaani Mpelelezi Aimbaye. Uliandikwa na Mwingereza Dennis Potter, ukaongozwa na Jon Amiel, na shirika la BBC likauonyesha katika sehemu 6, kila Jumapili usiku, tangu tarehe 16 Novemba hata tarehe 21 Desemba 1986. Ni mchezo wa zamani, basi. Hapa Hewa Bora sisi tumeutazama juzi juzi tu, kwa jioni 6, wazazi kadhaa pamoja na wanafunzi wakubwa, maneno ya Kifaransa yakipita chini ya picha, na mmoja wetu akieleza kwa Kiswahili kila mzee alipouliza. Jioni ya nne umeme ulikatika katikati ya mambo, tukakaa gizani tukibishana nani mwuaji. Yaliyosemwa katika giza lile ndiyo yaliyotusukuma kuandika.

Mwenye habari ni Philip Marlow, mtungaji wa hadithi za upelelezi, zile za bei rahisi ambazo msafiri hununua stesheni na kuzisahau katika kiti cha gari-moshi. Amelazwa katika hospitali moja ya London. Ngozi yake, toka utosini hata nyayoni, imekuwa nyekundu yenye magamba. Viungo vimekazana hata hawezi kushika kalamu wala kugeuza shingo. Homa humpanda na kumshuka. Naye ana ulimi mkali kama wembe: huwatukana madaktari, huwadhihaki wagonjwa wenzake, humfukuza hata Nicola, mkewe ambaye hawakai pamoja tena, anapokuja kumjulia hali. Kwa kuwa hana la kufanya, huanza kuitunga upya moyoni mwake hadithi moja aliyoiandika zamani. Ndani ya hadithi hiyo yumo Marlow mwingine, mzima wa mwili, mwenye kofia na koti refu, mwimbaji wa bendi ya dansi katika London ya mwaka 1945, ambaye pia ni mpelelezi wa kukodiwa. Mwanamke aopolewa katika mto Thames, maiti. Nani amemwua?

Hapo ndipo mambo yachanganyikapo. Kadiri homa izidivyo, hadithi, hospitali na utoto wa mgonjwa huingiliana. Yule maiti wa mtoni huanza kuwa na sura za wanawake aliowajua. Mtu mbaya wa hadithi aitwa Mark Binney, na jina hilo, twagundua polepole, ni la mtoto mmoja aliyesoma naye. Watu wawili wa hadithini, wafuasi wa mambo ya siri, hufika hata hospitalini wakilalamika kwamba mtungaji hakuwapa hata majina. Mzee mmoja kati yetu alikasirika: "Mbona huyu mwandishi hatengi ndoto na kweli?" Mama mmoja akamjibu, "Baba, wewe hujapata malaria ya kukuingia kichwani?" Tukacheka, lakini jibu lilikuwa sawa. Aliyelala siku tatu na homa ya namna hiyo ajua jinsi marehemu bibi yake awezavyo kuketi ukingoni mwa kitanda, muuguzi akamkalia pale pale na sindano, na wote wawili wakaonekana ni wa kweli sawasawa.

Tena kuna nyimbo. Ghafula watu huacha kazi zao wakaanza kuimba, nao hufumbua vinywa tu. Sauti zitokazo ni za waimbaji wa kale waliotiwa katika santuri. Katika sehemu ya kwanza madaktari wamesimama wakimzunguka Marlow, wakimsemea juu ya kichwa chake kama kwamba ni gogo. Yeye alia, aomba msaada, na hao wazungumza dawa. Mara hospitali yote yageuka jukwaa, madaktari na wauguzi wakacheza na kuimba Dry Bones, wimbo wa mifupa mikavu. Wanafunzi wetu walicheka. Lakini katekista aliyekuwapo alitambua mara moja kwamba wimbo huo umetoka katika kitabu cha nabii Ezekieli, sura ya 37, pale Bwana amwonyeshapo nabii bonde lililojaa mifupa na kumwuliza kama mifupa ile yaweza kuishi. Waimbaji wa hospitali wafanya mzaha. Swali lenyewe si mzaha. Kwa maoni yetu mchezo wote ni swali hilo moja, lililoulizwa kwa saa nyingi.

Sasa neno juu ya ugonjwa, maana ni jambo la kutufaa. Jina lake ni soriasisi. Kinga ya mwili, iliyowekwa kupigana na adui wa nje, huugeukia mwili wenyewe. Ngozi huota upesi kupita kiasi, ikarundikana na kuwa magamba. Kwa wagonjwa wengine maradhi huingia hata katika viungo, vidole vikavimba na kupinda. Hauambukizi. Hauambukizi kwa kushikana mikono, wala kwa kikombe, wala kwa shuka, wala kwa kuketi benchi moja kanisani. Mwaka 2014 mkutano wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio juu ya ugonjwa huu, ukizitaka serikali zipambane na aibu wanayotiwa wagonjwa. Tunalisema kwa sababu tumepata kuona kwa macho yetu nafasi tupu kulia na kushoto ya mtu mwenye ngozi mbaya wakati wa Misa, na wakati wa kutakiana amani mikono ikirudi mifukoni. Wengine husema ni ukoma. Wengine hutaja uchawi. Hata kama ungalikuwa ukoma, ukoma nao una dawa, na mwenye ukoma ni ndugu yetu.

Potter hakuutunga ugonjwa huo. Aliupata mwenyewe akiwa kijana wa miaka 26, ukamshika ngozi na viungo hata kufa kwake. Vidole vyake vilikunjika kama ngumi, naye akaandika hivyo hivyo, kalamu imebanwa ndani ya ngumi. Alizaliwa tarehe 17 Mei 1935 katika kijiji cha Berry Hill, kwenye Msitu wa Dean, magharibi ya Uingereza. Baba yake alikuwa mchimbaji wa makaa ya mawe. Jamaa yake walisali katika kanisa dogo la Kiprotestanti liitwalo Salem, na nyimbo za Sankey alizoimba huko hazikumtoka kamwe. Alikuwa na akili, akapelekwa kusoma Oxford, na toka hapo akawa, kama wasomi wengi wetu, mtu asiye wa kijijini tena wala wa mjini kabisa.

Kwa kuwa mengi ya Marlow yafanana na ya Potter, watu wengi walikosa. Bibi Mary Whitehouse, Mwingereza aliyejulikana kwa kupigania heshima katika televisheni, alisema redioni mwaka 1990 kana kwamba uzinzi wa mama katika mchezo ulikuwa wa mama mzazi wa Potter. Bibi mzee huyo, mke wa mchimbaji, hakuwa na hatia yo yote. Alishitaki, na BBC ikamlipa. Tunamheshimu Bibi Whitehouse kwa bidii yake. Lakini tazameni jinsi mtu mwema, akitetea usafi wa nyumba za watu, alivyomzulia mama wa watu jambo zito mbele ya taifa zima. Jambo hili litarudi karibuni.

Turudi msituni. Sisi wa Lubumbashi tulishangaa kuona jinsi nchi ile ya makaa ya mawe ilivyo karibu na nchi yetu ya shaba. Wazee waliokaa kambini zamani za Union Minière, na watoto wao waliolelewa wakati wa Gécamines, hawakuhitaji mfasiri katika sehemu hizo. Baba arudi toka mgodini amechoka, hasemi sana. Siku ya mapumziko huimba katika nyumba ya chama cha wafanya kazi, na hapo tu ndipo uso wake ufungukapo. Mtoto wake amtazama kwa fahari. Mama ni mtu wa London. Amekaa katika nyumba finyu pamoja na wakwe zake, hana chumba cha kusemea na mumewe, naye asinyaa siku kwa siku. Hakuna hata mmoja katika nyumba ile aliye mbaya. Wamebanana tu, na hakuna asemaye. Siku moja mtoto Philip, aliyezoea kupanda juu ya mti mrefu na kuutazama ulimwengu kutoka huko, amwona mama yake msituni pamoja na mwanamume mwingine. Mtu huyo ni Raymond Binney, rafiki ya baba yake, baba wa yule Mark.

Baadaye mama ampakia mtoto katika gari-moshi waende London, na baba abaki stesheni, mkono juu, akizidi kuwa mdogo. Hapo chumba chetu kilinyamaza kimya. Ni nani katika mji huu ulioletwa na reli mwaka 1910 asiyekuwa na stesheni ya namna hiyo katika ukoo wake? Huko London mama ajiua katika mto Thames. Mtoto ana miaka kama 10, naye aamini kwamba ni yeye aliyemwua, kwa sababu alimwambia kwamba anajua. Basi mwaelewa sasa yule maiti wa hadithini ni nani, na kwa nini mtungaji hawezi kamwe kuimaliza hadithi yake.

Lakini si hilo lililomlaza kitandani, au tuseme, si hilo peke yake. Kuna jambo dogo zaidi, la shuleni, na hilo ndilo tulilobishania gizani.

Baada ya kuona aliyoyaona msituni, mtoto Philip aliingia darasani kwa siri na kujisaidia haja kubwa juu ya meza ya mwalimu. Mwalimu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kutisha, aliwasimamisha watoto wote na kumtaja Mungu kwamba ndiye atakayemfichua mwenye hatia. Macho yake yakamfikia Philip. Philip akalia, akatetemeka, na mwalimu akadhani machozi yale ni ya mtoto mwema aliyeona uovu na kuogopa kuusema. Akambembeleza amtaje. Naye Philip akamtaja Mark Binney, mtoto wa yule mtu wa msituni. Mark alikuwa mzito wa akili, asiyeweza kujitetea upesi. Mwalimu akawauliza watoto wengine. Mmoja akasema ndiyo, nami nilimwona. Wa pili naye. Wa tatu akaongeza na jambo ambalo halikuwapo. Mark akachapwa viboko mbele ya darasa, na mwishowe, akivurugika kabisa, hata yeye mwenyewe hakujua tena kama hakulifanya. Marlow mzima, akiwa kitandani, asimulia habari hii kwa Daktari Gibbon, mganga wa maradhi ya moyoni, huku akilia. Asema kwamba Mark Binney aliishia katika nyumba ya wagonjwa wa akili.

Wasomaji wetu, twaomba mlitafakari darasa lile. Philip alisema uongo kwa chuki na kwa hofu, hilo twalielewa. Je, wale wengine? Hawakuwa na chuki na Mark. Walisema walimwona kwa sababu mwenzao alisema, kwa sababu mwalimu alitaka kusikia hivyo, na kwa sababu kila aliyesema alijiokoa. Jioni ile gizani mama mmoja alisema polepole: "Hivyo ndivyo wanavyofanya kwa watoto wanaoitwa wachawi." Hakuna aliyembishia. Mnajua sana jinsi iendavyo. Mtu amekufa katika nyumba, au kazi imepotea. Shangazi aota ndoto. Ajitokeza mtu anayejiita mtumishi wa Mungu na kusema kwamba Mungu amemfichulia. Mtoto mmoja, mara nyingi yatima au mtoto wa mke wa kwanza, atajwa. Na ndugu zake wadogo, wakiulizwa, wasema ndiyo, usiku nilimwona. Mwishowe mtoto mwenyewe akubali. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto yaadhibu kumsingizia mtoto uchawi. Lakini sheria hukaa mahakamani, na singizio hutokea jikoni.

Twarudi kwa Daktari Gibbon. Yeye si padri, wala maneno yasemwayo katika chumba chake si kitubio, maana hana mamlaka ya kuondolea dhambi. Twasema hivi kwa kuwa mwanafunzi mmoja alituuliza. Hata hivyo ni jambo la ajabu kwamba mtungaji asiye Mkatoliki, katika nchi iliyozoea kutenga dini na hospitali, aliweka saa ya uponyaji pale pale ambapo Kanisa lingaliiweka: si katika vidonge, wala katika kumjua mwuaji, bali mtu alipotamka kwa kinywa chake mwenyewe, "Nilimsingizia." Baada ya maneno hayo daktari amwambia ainuke. Naye ainuka, kwa taabu, viungo vikilalamika. Mifupa mikavu yasimama. Wengine kati yetu waliona ni rahisi mno, maana soriasisi haiponi kwa maneno, na Potter mwenyewe, aliyeandika hayo, hakupona. Nasi twakubali. Twadhani naye alijua.

Mwisho wenyewe ni wa kushangaza: wale watu wawili wasio na majina wamvamia Marlow hospitalini, mpelelezi wa hadithini aingia na bastola, risasi zapigwa, na yule auawaye ni Marlow mgonjwa, kitandani mwake. Kisha Marlow mzima ajivika nguo na kofia ya mpelelezi, aondoka akimshika Nicola mkono. Wazee wetu hawakupendezwa. Sisi tulipendezwa kidogo. Mgonjwa mwenye matusi ilikuwa lazima afe ili mume atoke mlangoni. Jambo hilo Mtakatifu Paulo asingalishangaa nalo.

Michael Gambon, aliyekuwa Marlow, alipewa tuzo ya Uingereza ya mchezaji bora kwa kazi hii. Wanafunzi walimtambua mara moja kuwa ndiye Dumbledore wa sinema za Harry Potter tangu mwaka 2004. Alifariki mwaka 2023. Sinema fupi iliyotengenezwa Marekani mwaka 2003 kwa jina lile lile haina nguvu, msipoteze saa zenu.

Mwaka ule ule wa 1986, hapa kwetu Lubumbashi, kundi la Mufwankolo lilikuwa likitunga mchezo wake juu ya methali isemayo kwamba utawala huliwa mzima mzima, na Mjerumani Johannes Fabian akiandika yote aliyoyaona, hata yakatoka katika kitabu mwaka 1990. Watu wa Mufwankolo hawakuwa na fedha za BBC. Walikuwa na Kiswahili cha mji huu, redio, kisha televisheni, na mchezo ule waliucheza katika kijiji cha Kawama mbele ya wenyeji. Lakini waliijua kazi yao: kuwaonyesha watu nyumba zao wenyewe kwa kicheko, mpaka kicheko kiwakwame kooni. Twatamani vijana wetu wenye kamera ndogo za siku hizi waache kuiga bastola za wageni, wakatunge habari ya darasa moja na mtoto mmoja aliyesingiziwa.

Twaonya tena: mchezo huu si wa watoto wadogo. Mna matusi mengi, na habari ya msituni yaonyeshwa wazi kupita tulivyopenda. Papa Pius wa XII, katika barua yake ya mwaka 1957 juu ya sinema, redio na televisheni, aliwataka Wakristo wajifunze kutazama kwa kupima. Basi pimeni.

Potter alikufa kwa kansa tarehe 7 Juni 1994, siku 9 baada ya mkewe Margaret, aliyeugua kansa naye. Miezi miwili kabla yake alionekana katika televisheni akihojiwa, akinywa mofini ili maumivu yatulie, akizungumzia maua meupe ya mti ulio nje ya dirisha lake, jinsi alivyoyaona sasa kwa kuwa hatayaona tena. Aliandika mpaka siku zake za mwisho, ngumi imekunjwa.

Jioni ya sita, picha zilipokwisha, watu walisimama kutafuta viatu vyao. Msichana mmoja wa kidato cha tano alibaki ameketi. Akauliza, "Na Mark Binney? Nani alikwenda kumwambia?" Tukaitazama tena sehemu ile ya mwisho, tukidhani labda tumepitiwa. Hatukupitiwa. Katika sehemu zote 6, hakuna hata mmoja aliyekwenda.